Maji ya Mama Kwenye Rejeta

Tulimzika Mwajuma kule Kibeta siku ya Ijumaa, baada ya sala, na nilitoka makaburini nikiwa na njaa. Nalisema hili bila aibu kwa sababu yeye mwenyewe angecheka. Mwajuma hakuwahi kuamini kwamba mtu anaweza kulia vizuri tumbo likiwa tupu. Mume wangu Deogratias, ambaye siku hizi masikio yake yamestaafu lakini mdomo bado uko kazini, aliketi mbele kwenye gari la mjukuu wetu, mimi nikakaa nyuma, na tulipofika Nshambya gari likaanza kutoa mvuke. Mjukuu akasimama, akafungua boneti, akangoja injini ipoe kama alivyofundishwa, kisha akatuonyesha chupa ya plastiki yenye mistari miwili ubavuni, mmoja chini, mmoja juu. "Bibi, maji hayatakiwi kuvuka huu wa juu," akaniambia kwa upole ule wa kumfundisha mzee jambo geni. Deo akanitazama, nami nikamtazama. Tukaanza kucheka palepale barabarani, na nguo zetu za msiba, hadi mtoto wa watu akadhani uchungu umetupanda kichwani. Angejuaje? Kwa kukosa mstari ule wa juu, mwaka wetu wa kwanza wa ndoa nusura uondoke na kazi ya babu yake, na chumba chetu, na urafiki wa yule tuliyekuwa tumetoka kumzika.

Waingereza walikuwa bado wanatawala, na Bukoba ilikuwa mji mdogo ambao mtu akinunua viatu vipya Jumatatu, Jumatano anaulizwa kama vinambana. Deo alikuwa dereva wa lori la Bwana Lalji, mwenye duka la nguo na mafuta ya taa, ambaye msimu wa kahawa ulipofika alifanya pia biashara ya kusomba magunia kutoka upande wa Muleba. Bwana Lalji alizaliwa palepale Bukoba. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi niliyetoka Kishanda na Kihaya changu, na Kihaya chake cha dukani kilitosha kumfanya bibi yeyote anunue kanga ambayo hakuipanga. Nyuma ya duka kulikuwa na uwanja wa kuegeshea lori, na nyuma ya uwanja, vyumba viwili vya mbao chini ya paa moja la bati. Kimoja chetu. Cha pili cha Fundi Sefu, makanika wa Bwana Lalji, na mke wake Mwajuma. Chumba chetu kilikuwa na kitanda, meza, dirisha moja, na sakafu ya saruji ambayo niliisugua kila asubuhi mpaka Mwajuma akaniuliza kama naitafuta shilingi iliyodondokea ndani. Lakini mimi nilikuwa nimekulia kwenye sakafu ya nyasi, na saruji ile niliipenda kama mtu. Nilimpenda na Deo, bila shaka, ila Deo alikuwa safarini mara nyingi na sakafu ilikuwapo siku zote.

Tulikula pamoja, mimi na Mwajuma. Mimi nilipika ebitoke, ndizi za kwetu, na maharage, yeye akapika samaki wa kukaanga na chapati alizofundishwa na mama yake, watu wa mjini toka zamani, na tuliweka sahani zote juu ya mkeka mmoja mbele ya milango yetu. Ukuta kati ya vyumba ulikuwa wa mbao zilizopishana vibaya. Tulisikiana kila kitu, tukajifunza kujifanya hatukusikia. Fundi Sefu alikoroma, Deo aliongea usingizini na abiria wasiokuwapo, na asubuhi tuliamkiana kwa heshima zote kama watu wa nyumba mbili. Nikikumbuka leo, naona sikuwahi tena kuishi na majirani kwa raha namna ile, hata nilipopata nyumba yenye kuta za matofali.

Basi lori likaanza kuvuja. Deo alirudi kutoka Muleba na magunia, akaegesha uwanjani, akazima injini, na kabla hajashuka, maji yakaanza kutiririka chini ya pua ya lori mpaka karibu na viatu vya Bwana Lalji, aliyekuwa amesimama kupokea mzigo. Fundi Sefu hakuwa na haraka. Aliliacha lipoe. Akalifuta lote kwa matambara, rejeta, mipira, pampu ya maji, mpaka likakauka kabisa, kisha akaja mlangoni kwetu kuomba majivu. Mwajuma akamchekechea majivu ya jikoni hadi yakawa laini kama poda. Fundi akayapaka kwenye kila kiungo, akawasha injini, akajikunja na kuangalia. Mahali penye uvujaji, majivu yaligeuka meusi. Akapata mpira wa chini umepasuka pale unapobanwa na kamba ya chuma, akapata pampu inatoa jasho, akapata na mshono mmoja wa rejeta umeachia. Mpira akabadilisha, pampu akaifunga upya kwa kamba iliyopakwa grisi, mshono akauchomea risasi. Akachomoa na kijiti cha oili kuangalia kama imegeuka rangi ya maziwa, maana hiyo ingekuwa habari nyingine, ya maji kuingia ndani ya injini. Oili ilikuwa safi. Jioni ile tulikula samaki tukacheka, mambo yamekwisha.

Safari iliyofuata, Deo akaegesha, akazima, maji yakatiririka. Palepale, mbele ya viatu vilevile.

Fundi akarudia majivu yake, na safari hii majivu yakabaki meupe kila mahali. Hapakuwa na tone kwenye mpira, wala kwenye pampu, wala kwenye mshono. Palipolowa ni sehemu moja tu, mdomo wa kamrija kembamba kanakotoka shingoni mwa rejeta na kuteremka hadi chini, ka kutolea maji yaliyozidi. Fundi Sefu akakaa juu ya tairi bovu, akafikiri, akasema, "Deo, hili gari halivuji. Linatapika. Mtoto akinyonya kupita kiasi anacheua, na gari ni hivyohivyo. Maji yakipata moto yanavimba, yanataka nafasi. Unalijaza mpaka wapi?"

"Naweka kidogo tu," Deo akasema.

"Kidogo hadi wapi?"

"Kidogo."

Nilimwona mume wangu akitazama pembeni na nikajua kuna kitu hasemi, ila sikujua ni nini. Fundi naye aliona, akaelewa kwamba anadanganywa, na fundi akidanganywa juu ya injini huumia kuliko akitukanwa yeye. Siku zile zilikuwa mbaya. Deo alikuwa akidai kazi ya Sefu haikukaa sawa, Sefu akisema kuna dereva asiyejua kujaza maji. Mwajuma alisimama upande wa mume wake, kama inavyompasa, nami upande wa wangu, na mkeka ukakatika vipande viwili. Nilikula ebitoke vyangu bila samaki. Yeye alikula samaki wake bila ebitoke, na kupitia mbao za ukuta nilisikia jinsi alivyotafuna bila raha.

Jioni moja nilikuwa nachambua maharage ndani, nikamsikia Bwana Lalji uwanjani akizungumza na Sefu. Hakupayuka. Angepayuka ningeogopa kidogo. "Sefu, mimi sitaki kujua kosa la nani," akasema. "Injini ikipasuka kichwa katikati ya msimu, kahawa yangu italala Muleba mpaka mvua iikute. Nikiona tena maji chini ya lori hili, natafuta dereva mwingine. Na dereva mwingine atahitaji chumba." Nilibaki na maharage mkononi. Nilitazama sakafu yangu. Kama tungetolewa pale, tungerudi kijijini, Deo akiwa dereva aliyefukuzwa, na kwetu Kishanda wangesema walijua toka mwanzo. Mama yangu, Anatolia, alikuwa amepinga ndoa ile waziwazi. Alisema mbele ya wajomba kwamba dereva ni mtu wa barabara, ana mke kila penye kituo cha petroli. Wajomba wakamshinda, harusi ikafanyika, ila neno likishasemwa mbele ya watu halirudi mdomoni. Nililia juu ya maharage, na upande wa pili wa ukuta Mwajuma akasikia. Akaja. Aliketi akaanza kuchambua maharage pamoja nami, na tulipomaliza akasema, "Mwambie mumeo asafiri na mume wangu. Aone mwenyewe. Na wewe nenda, ukamwone mama yako."

Ndivyo tulivyopanda lori watatu. Fundi Sefu alijaza rejeta mwenyewe kabla ya kuondoka. Alimimina mpaka maji yakafunika mirija ya ndani, akaacha nafasi ya vidole vichache chini ya shingo, na shingoni akakwaruza alama kwa ncha ya bisibisi. Tukateremka Kemondo, tukapanda, tukapita Muleba, na kila tuliposimama alifunika kifuniko kwa tambara, akakilegeza polepole, akachungulia. Maji yalikuwa palepale kwenye alama. Hayakuongezeka, hayakupungua. Akaanza kupiga mluzi. Deo hakupiga mluzi. Kadiri tulivyokaribia Kishanda alizidi kukaza mikono kwenye usukani, na tulipofika barabarani mbele ya kwetu, ambako ndiko magunia yalikokusanywa, aliegesha, akavua kofia, akashuka kwa haraka akaenda kusimama nyuma kabisa ya lori, uso ameuelekeza migombani.

Mama akatoka ndani. Kichwani alikuwa na kibuyu kikubwa, kile cha harusi na misiba, na nyuma yake watoto wa jirani wamebeba ngazi ya kuvunia. Alinikumbatia, akamsalimu fundi, akampa kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani kavu la mgomba, kisha bila kumtazama mkwe wake hata kidogo akaegemeza ngazi mbele ya lori, akapanda, akafungua kifuniko kwa tambara kama dereva mzoefu, na akaanza kumimina. Alimimina mpaka alama ikazama. Akamimina mpaka shingo ikajaa. Maji yakafurika, yakateremka usoni mwa lori, na watoto wakashangilia. Fundi Sefu akatoa macho, akakimbilia pale, akasema, "Mama, imetosha! Imetosha, Mama!"

Sasa, mtu wa mjini hajui. Kwetu mgeni lazima aseme imetosha. Ni adabu. Na mwenye nyumba lazima aongeze, ndiyo adabu yake. Mgeni akiondoka na chombo kisichofika mdomoni, kijiji kizima kitajua kwamba nyumba ile haikumtaka. Mama akamtabasamia Sefu kwa jinsi alivyolelewa vizuri, akaongeza maji.

Na Deo angefanya nini? Mkwe wa kiume kwetu hamkatizi mama wa mke wake. Hamtazami usoni, hajibizani naye, akimwona njiani anajitoa pembeni. Hata kumtaja kwa fundi, kusema "mama mkwe wangu ndiye anayelishibisha gari", lingekuwa ni kumsema vibaya mtu asiyestahili kusemwa. Kwa hiyo kila safari alisimama nyuma ya lori akitazama migomba wakati rejeta inajazwa hadi kumwagika. Akipanda mlima na mzigo maji yanavimba, yanatoka. Akiona mbele kumelowa anaogopa, anasimama kijitoni anajaza tena, naye anajaza hadi mdomoni kwa hofu. Akifika uwanjani anazima injini, feni inasimama, moto wa ndani unapanda kwa mara ya mwisho, na lori linatapika mbele ya tajiri. Fundi Sefu alipouelewa mlolongo wote aliketi kwenye ukingo wa barabara, kahawa mdomoni, akacheka mpaka akatoa machozi. Kisha akaenda nyuma ya lori, akamshika Deo bega, akasema, "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuita mwongo moyoni." Deo akamjibu, akiwa bado anatazama migomba, "Sasa nani atakwenda kumwambia?"

Wote wawili wakageuka kunitazama mimi.

Nilimkuta Mama jikoni akimenya ndizi. Moshi ulikuwa mwingi na harufu ilikuwa ya nyumbani kabisa. Nikamwambia nilivyoelezwa, kwamba maji yakipata moto yanavimba, kwamba gari linataka nafasi, kwamba Bwana Lalji ameapa. Hakusimamisha kisu. "Kwa hiyo maji yangu ndiyo yanamfukuzisha kazi," akasema.

"Si maji, Mama. Ni wingi."

"Nimpe nusu? Wanawake wote wa Kishanda wanatazama, nimpe mkwe wangu nusu?"

"Si nusu. Yafike kwenye alama tu."

Kisu kikasimama. Akasema kwa sauti ambayo sikuizoea, "Nilisema maneno mabaya juu ya yule mtoto. Ulisikia, wajomba walisikia, naye walimfikishia. Siwezi kwenda kumwambia nilikosea. Siruhusiwi hata kumtazama. Ningefanyaje? Nikasema, basi, kila akipita hapa gari lake halitaondoka na kiu. Nilijaza ili ajue." Akarudi kumenya, kwa haraka mno, na ndizi ile ilibaki nyembamba kama penseli. Nilimpenda mama yangu siku ile kuliko siku yoyote kabla yake. Nikachukua kisu kingine, nikamsaidia. Sikujua kama amekubali.

Tulilala huko, na asubuhi magunia yalikuwa yamepakiwa. Fundi Sefu alikwishapunguza maji hadi kiasi cha kuacha kazi kidogo kwa mtu mwingine, maana alikuwa mtu mwenye akili za watu pia. Mama akaja na kibuyu kilekile, watoto na ngazi, majirani wamesimama mikono kifuani. Deo akaenda mahali pake nyuma ya lori. Mama akapanda, akamimina taratibu huku ameinamisha kichwa ndani ya shingo ya rejeta kama anayetafuta sindano. Akafika kwenye alama. Akasimama. Kibuyu kilikuwa bado kizito. Mwanamke mmoja akaguna, "Ma Anatolia, leo mkwe amekukosea nini?" Wengine wakacheka.

Mama akashuka ngazi. Akatembea na kibuyu ubavuni mwa lori, hatua kwa hatua, mpaka nyuma, na Deo aliposikia nyayo akajikunja karibu aingie chini ya tairi. Mama akasimama mbali kidogo, akageuza uso upande wa barabara kama desturi inavyotaka, akanyoosha mikono yote miwili yenye kibuyu upande alipokuwa mkwe wake.

"Gari limeshiba," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa yule mwanamke. "Haya yaliyobaki ni ya mwenye gari. Nywa, mwana wange."

Hakuna aliyecheka tena. Deo alipiga goti, akapokea kwa mikono miwili, akanywa. Hakunywa kidogo kwa adabu. Alikinywa kibuyu kile cha harusi na misiba hadi mwisho, maji yakimwagika kidevuni na kwenye shati, na Mama akabaki amesimama, ameupa mgongo ulimwengu wote, akisikiliza anavyomeza.

Njia nzima hatukusimama kijitoni. Milimani fundi alichungulia mara moja tu, akafunga. Tulipoingia uwanjani Bwana Lalji alikuwa anatusubiri, na Mwajuma alikuwa mlangoni, mkeka wote mzima umetandikwa. Deo akazima injini. Tukangoja. Feni ikasimama, chuma kikalia kidogo kinavyopoa, na chini ya pua ya lori vumbi likabaki vumbi. Bwana Lalji akainama, akagusa ardhi kwa kiganja, akakitazama kiganja. Akamgeukia Fundi Sefu ampongeze, lakini fundi akatikisa kichwa, akaelekeza kidevu kwa Deo.

"Wewe ndiye uliyetengeneza?" Bwana Lalji akauliza.

"Hapana, Bwana," akasema Deo, shati lake bado lina unyevu kifuani. "Ametengeneza mama yangu."